Haja Kwenda

Mimi ni fundi friji, na naomba nianze kwa kusema kwamba sikumtaka yule paka. Watu wakisikia habari hii hunipiga begani, "Ah, wewe una roho nzuri," na mimi nawaacha waamini hivyo. Lakini ukweli ni kwamba alikuja na mama mkwe, ndani ya kikapu, na hakuna aliyeniuliza. Mke wangu aliniambia, "Mama anahamia kwetu." Nikasema sawa, nyumba ni yake. Hakusema, "Mama na mwenzake."

Paka mwenyewe kijana tu, hajafikisha hata mwaka, rangi ya majivu. Siku ya kwanza alipanda juu ya friji niliyokuwa nimeifungua mgongo, akakaa, akaanza kukagua. Nikishika bisibisi, anatazama. Nikikosea waya, anapiga mwayo. Nikamwita Meneja, kwa hasira, na jina likamganda.

Sasa, kuhusu mama mkwe naomba nieleweke. Mimi na yeye tunaheshimiana. Tunaheshimiana mpaka inachosha. Akipita karakana yangu hapo chumba cha mbele, nasimama na spana mkononi mpaka apite. Nikiingia sebuleni, yeye anavuta mtandio na kukaa sawasawa. Ananiita baba, namwita mama, na katikati hapo kuna salamu, mvua na jua, basi. Habari za mwilini hazimo kabisa. Yeye akiharisha, mimi naambiwa "mama kachoka kidogo." Nikiharisha mimi, yeye anaambiwa "baba amelala."

Na katika nyumba ya namna hiyo, jamani, ndimo alimoletwa paka mwenye ugonjwa wa kibofu.

Ilianza na friji ya mwalimu mkuu mmoja, mama mkali, aliyekuja kuichukua imeshapona. Akafungua droo ya mboga ili ahakikishe nimeisafisha. Akainama, akanusa, akanitazama mimi. Mimi! Kama vile mtu mzima na akili zangu ningeweza kuingia kwenye droo ya mboga. Kesho yake ikawa sinki la kunawia. Halafu sare ya kazi ya mke wangu. Kila mahali matone mawili matatu tu, na siku moja matone yakawa mekundu. Nilikula kiapo mbele ya mke wangu kwamba paka huyu atatoka humu ndani.

"Atatoka na mama?" akaniuliza.

Nikarudi karakana.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mimi na mama mkwe, kwa sababu mke wangu anafanya kazi kiwanda cha biskuti na ruhusa ni ya kupigania. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye mikono ya nguvu na mdomo usio na breki.

"Anakojoa mara ngapi kwa siku?" akauliza. "Akikojoa analia? Mkojo wake una rangi gani? Unanuka sana?"

Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe. Mama mkwe akamtazama ng'ombe. Na mimi nikamtazama ng'ombe huyohuyo, nikamjua mpaka kwato. Binti akahema, akaamua kupima mwenyewe.

Kisha akatueleza, taratibu, kama watu wenye shida ya kusikia. Mkojo wa Meneja unafanya chembechembe, kama mchanga mwembamba, na ule mchanga unamkwaruza. Ugonjwa huu hauponi ukaisha, ni wa kuishi nao. Chakula chake maalumu, maji mengi, na asipate mashaka. "Lakini kubwa kuliko yote," akasema, "huyu ni dume, na mrija wa dume ni mwembamba kama uzi. Mchanga ukiuziba, mkojo hauna pa kutokea, sumu inarudi kwenye damu. Kila siku mjue kakojoa au hajakojoa. Mkiona nusu siku imepita hajakojoa, mleteni mbio. Msiseme tungoje kesho. Kesho hamtakuwa na paka."

Mrija ulioziba naujua mimi, friji nyingi zinakufa kwa hilo. Lakini friji hailii.

Tukiwa ndani ya pikapu yangu, tunarudi, mama mkwe amepakata kikapu, akasema bila kunitazama: "Nyumba niliyotoka ilikuwa kimya, baba. Huyu ndiye aliyekuwa akinijibu." Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kusikia sentensi ndefu kama ile. Nikabadilisha gia kwa adabu.

Basi nikaanza kuuguza paka niliyemkataa. Nilichukua pampu ndogo ya mashine ya maji, beseni na kipande cha bomba, nikamtengenezea chemchemi ya kunywea, maana daktari alisema paka hupenda maji yanayotembea. Meneja akaikagua mchana kutwa, akakubali kunywa jioni, na mama mkwe akaniletea chai karakana, akaiweka mlangoni, akaondoka bila neno. Nikajua nimesifiwa.

Tatizo likabaki moja. Anayeshinda na paka ni mama mkwe. Mwenye gari la kumkimbiza ni mimi, na mara nyingi niko nje kwa wateja. Mke wangu simu yake inakaa kwenye kabati getini mpaka zamu iishe. Kwa hiyo lazima mama mkwe anipe taarifa mimi. Taarifa ya nini? Ya lile jambo.

"Mama akuandikie tu ujumbe," mke wangu akasema mezani. "Amekojoa, hajakojoa. Kuna ugumu gani?"

"Mama yako aniandikie mimi neno hilo?"

"Siliandiki," sauti ikatoka jikoni.

Mke wangu akashika kichwa. Mazungumzo yalikwenda na kurudi, yeye akiwa posta katikati, mpaka tukafikia mwafaka: neno litakuwa haja. Haja haina ubaya, hata ofisini watu wana haja.

Na hapo lazima niwaambie kwamba mama mkwe alifanya kazi kaunta ya telegramu mpaka telegramu zenyewe zikafa. Enzi hizo kila neno lililipiwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapunguzia watu maneno. Mtu anakuja na msiba wa ukurasa mzima, yeye anampa maneno manne na wote nyumbani wanalia ipasavyo. Ugonjwa huo haukumtoka. Simu ya kisasa aliyonunuliwa na binti yake anaiandikia kana kwamba kuna mtu anahesabu. Basi nikawa niko juu ya ngazi kwa mteja, simu inalia, nasoma: "Maji kunywa. Haja kwenda." Maana yake maji kanywa, haja kaenda, mambo safi. Siku nyingine: "Dawa kutema. Chakula kula. Haja kwenda." Siku nyingine: "Haja kwenda soksi yako. Samahani." Mimi namrudishia dole gumba. Mfumo ulienda vizuri, na nakiri nilianza kuungojea ule ujumbe wa asubuhi. Usipokuja mapema nilikuwa nawagombeza wateja bila sababu.

Siku yenyewe nilikuwa bucha. Chumba cha baridi kimekufa na nyama imejaa, mwenye bucha anazunguka nyuma yangu akisema "fundi, fundi, fundi" mpaka nilitamani kumfungia humo ndani. Simu ikalia. "Maji kunywa. Haja kwenda." Dole gumba. Moyo wangu ukatulia, nikaingia na kichwa kwenye mashine.

Baadaye kidogo ikalia tena. "Haja kwenda bado."

Bado? Nikacheka peke yangu. Yaani bado anaendelea! Baada ya wiki mbili za matone, mzee mzima leo kafungulia. Nikamwandikia: "Hongera sana."

Sijafunga hata nati mbili, simu tena. "Baba. Haja kwenda kabisa."

Nikamwonyesha hata mwenye bucha, ambaye hakuelewa na hakutaka kuelewa. Nikajibu: "Mungu mkubwa mama. Leo roho yangu nyeupe."

Hakujibu. Nikaona ni heshima tu.

Mchana chumba kikaanza kupoa, mwenye bucha akanikumbatia na aproni yake ya damu, nami nikarudi nyumbani napiga mluzi. Nikaingia. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni kando ya beseni la mchanga anamoendea haja Meneja, mtandio kaufunga kiunoni. Hakuuvuta. Hakunisalimia.

"Umefurahi, baba?" akaniuliza.

"Nimefurahi sana, mama!"

"Basi Mungu akuzidishie," akasema, na machozi yakamtoka.

Hapo ndipo nikamwona Meneja. Amechuchumaa kwenye mchanga, mgongo umepinda, masikio yamelala. Alikuwa analia, lakini si kilio chake cha kudai chakula, ni sauti ya chini inayokatika. Na mchanga ule ulikuwa mkavu kabisa, hata unyayo mmoja uliolowa hakuna.

"Mama, si umeandika haja kwenda?"

"Ndiyo. Hajakwenda."

"Ndiyo, haja kwenda."

"Hajakwenda, baba!"

"Ndiyo nasema, mama! Haja! Kwenda!"

"Ha-ja-kwe-nda! Tangu jana jioni hajakwenda!"

Nikatoa simu, nikampa. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Nani kaweka nafasi hapa?" akauliza kwa sauti ya ofisini. "Mimi nimeandika neno moja. Neno moja! Nani ataandika mawili pale ambapo moja linatosha?"

Simu, jamani. Simu yake haijui Kiswahili, ikikutana na neno refu inalikata vipande kama mkate. Mara tatu aliniambia paka anakufa, mara tatu nikampongeza.

"Kwa nini hukupanda hata teksi, mama?"

"Mwenye nyumba kasema hongera," akajibu. "Kasema roho yake nyeupe. Nikasema, kumbe ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Alishasema paka huyu atatoka. Sasa mimi nani, nikae kwake kisha nimpinge?"

Ningeweza kujitetea, lakini kile kiapo nilikila kwa sauti na nyumba yetu kuta zake ni nyembamba. Niliumia, tena sana. Nikamwinua Meneja, tumbo lake gumu kama chungwa bichi, nikamtia kikapuni, na kwa mara ya kwanza nilimpita mama mkwe mlangoni bila kumpisha.

Niliendesha vibaya. Spana na mitungi ya gesi ilikuwa inagongana huko nyuma kama ngoma za harusi, mama mkwe ameng'ang'ania kikapu, anamwambia Meneja maneno nisiyoyasikia. Kilichonitisha ni kwamba Meneja hamjibu tena.

Pale mapokezi palikuwa na foleni. Mzee mmoja na mbuzi, mwanamke na mbwa aliyefungwa mguu, na nyuma ya meza karani anayekula karanga.

"Shida?" karani akauliza.

"Ni dharura," nikasema. "Ni upande wa... haja."

"Haja ipi? Kubwa, ndogo?"

"Ndogo."

"Amepata au hajapata?"

"Haja..." nikaanza, nikasita, maana nilishaona neno lile linakonipeleka. Nikajaribu njia nyingine. "Yaani, pale kwenye kutoka, hapatoki."

"Hapatoki nani?"

Mama mkwe aliweka kikapu juu ya meza, juu ya karanga.

"HAKOJOI!" akasema. Mama wa watu, mstaafu wa posta, mtandio kiunoni. "Paka wangu hakojoi! Mkojo umemjaa, umeziba, hakojoi tangu jana! Mkojo, dada, mkojo! Nikuandikie?"

Mbwa alinyamaza. Mzee wa mbuzi akasimama kabisa, akasema, "Mpisheni, mpisheni." Na yule binti daktari alikuwa ameshatoka mbio na glavu mkono mmoja, akashika tumbo la Meneja mara moja tu, akatoweka naye ndani.

Tukakaa kwenye benchi. Nikampa mama mkwe leso yangu, ambayo ilinuka mafuta ya kompresa. Akaipokea, akajifuta uso mzima, akabaki na alama nyeusi shavuni. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

"Mama," nikasema, "sikutaka afe. Nilikuwa nafurahi kweli. Nilimwonyesha hata mwenye bucha."

"Ulimwonyesha mwenye bucha?"

"Nilimwonyesha."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akajifuta na leso, alama zikazidi. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa. Tulisikia vyuma, tukasikia daktari akisema na msaidizi wake. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya paka, mimi, fundi mzima. Nilimwahidi hata soksi.

Halafu tukasikia mlio kwenye beseni la chuma. Mwembamba kwanza, halafu mzito. Ukaendelea. Mama mkwe akanishika mkono.

"Baba, anakojoa."

"Anakojoa, mama."

"Bado anakojoa!"

"Na akojoe," nikasema, nikajifuta macho kwa mkono wa shati. Mzee wa mbuzi naye alikuwa anapangusa macho, sijui yeye lilimhusu nini.

Daktari akatoka, akatuambia tulifika ukingoni kabisa. Meneja atalala hapo siku chache na mrija wa plastiki, kisha tutarudi naye nyumbani, na inaweza kutokea tena mwezi ujao, au mwakani, au isitokee. "Mtaishi hivyo," akasema. Mama mkwe akamwambia tutaishi.

Kilichobadilika nyumbani ni mdomo. Ukishasema neno mbele ya mbuzi na foleni nzima, unalirudisha wapi? Jumbe zikawa ndefu, maneno mazima, hajali tena kulipia. "Amekojoa." "Amekojoa sana, rangi ya chai ya rangi nyepesi." Siku mke wangu alipotoka kazini akatukuta mezani, mimi na mama yake, tunabishana na vijiko mikononi kama mkojo wa leo umezidi wa jana au tunajidanganya, alisimama mlangoni na pochi yake begani. Akatuuliza tunaendeleaje na afya ya akili.

Jumamosi moja niko karakana, nimepiga magoti nyuma ya friji, Meneja juu yake anakagua. Mama mkwe akaja. Hakupita. Aliingia ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akavuta kreti tupu, akaligeuza, akakaa. Nikataka kusimama.

"Kaa," akasema. "Na wewe je?"

"Mimi nini, mama?"

"Asubuhi nikingoja bafu nakusikia. Inaanza, inakatika. Inaanza, inakatika. Unasimama humo mpaka chai inapoa. Huyu hapa juu naye alianza hivyohivyo."

Masikio yaliniwaka moto. "Ni bomba lile, mama. Mpira wake umekufa, linadondosha."

"Bomba naujua mlio wake."

Nikashika waya nyekundu, nikaiacha, nikashika nyeusi. Sikuona ipi inakwenda wapi.

"Binti yangu anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimejiambia ni umri, ni chai nyingi, ni kukaa kwenye vyumba vya baridi vya watu, na kila asubuhi nilikuwa nafungulia bomba ili nyumba isisikie.

"Siku ile," akasema, "nilikaa na simu mkononi namtazama anakufa, na mimi nina adabu. Sirudii tena. Kuna damu?"

Nilimtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. Mama mtu mzima, amekaa kwenye kreti la soda, anangoja jibu.

"Mara mbili tatu," nikasema. Halafu likanitoka lenyewe. "Naogopa, mama."

"Na mimi naogopa," akasema, akasimama. "Funga hiyo friji, twende."